Mtu Ambaye Jina Lake Halikuitwa



Siku chache zilizopita alinijia ofisini mzee mmoja kutoka Mkokotoni. Mwanawe alifanya mtihani, na majina ya waliochaguliwa yalipobandikwa ukutani, baba na mwana waliyasoma kutoka juu hata chini, kisha kutoka chini hata juu, na jina la kijana halikuwamo. Mzee akaniuliza, "Bwana Mwalimu, sasa ndiyo basi?" Sikumjibu upesi, kwani swali lile si jepesi. Nilimwahidi kwamba nitalijibu katika somo hili, naye akaniambia watakaa na mwanawe wasikilize pamoja. Basi, mzee wangu, leo ni siku yenu.

Jibu langu nitalitoa mbali kidogo, katika mchezo ambao hatuuchezi hapa Unguja, nao ni mpira wa Kimarekani. Nimeuchagua kwa sababu katika mchezo huo majina ya waliochaguliwa husomwa hadharani mbele ya taifa zima, na asiyeitwa hujulikana.

Kwanza tuufahamu mchezo wenyewe. Mpira wake umechongoka huku na huku, na watu huushika kwa mikono. Kila upande huwa na watu 11 uwanjani. Upande wenye mpira hupewa nafasi 4 za kusogea mbele yadi 10. Wakifaulu, hupewa nafasi 4 nyingine. Wakishindwa, mpira huenda kwa wenzao. Kazi ya walinzi ni kuwazuia: kumwangusha mwenye mpira, au kuudaka mpira unaporushwa. Wanaoshambulia na wanaolinda si watu wale wale. Mlinzi huingia akamaliza kazi yake, akatoka.

Sasa tutazame wachezaji wanavyopatikana. Tangu mwaka 1936, timu za ligi kubwa ya huko hukutana kila mwaka kuchagua vijana, wengi wao wakiwa wametoka vyuoni. Timu iliyofanya vibaya kupita zote huchagua mwanzo, ili wanyonge nao wapate nguvu. Siku hizi timu ni 32, nazo huchagua kwa mizunguko 7, na vijana wanaoitwa ni kama 250 hivi. Waliobaki hurudi nyumbani kungoja simu. Timu ikitaka, humwita asiyechaguliwa aje kambini kujaribiwa. Lakini kambini huingia watu 90, na ligi inapoanza hubaki 53 tu. Mwenye kuachwa kwa kawaida hana mshahara tena.

Mfano wa jambo hili tunao katika bahari yetu. Nahodha anayetafuta mabaharia huanza kwa wale anaowajua: fulani hodari wa usukani, fulani hodari wa tanga. Kijana asiyejulikana husimama pwani akitazama. Pengine mwisho nahodha humwambia, "Wewe ingia, utafua maji." Kufua maji hakumpi mtu sifa mjini, lakini chombo kisichofuliwa maji huzama. Na aliyemo chomboni, hata kwa kazi hiyo, huona usukani unavyoshikwa.

Nitawapa watu watatu. Wa kwanza ni jirani yetu, Daniel Adongo wa Kenya. Huyu alikuwa mchezaji wa raga, na raga ilikuwa imemfikisha Afrika Kusini na Nyuzilandi. Hakusoma chuo cha Marekani, wala jina lake halikupata kuitwa katika uchaguzi ule. Mwezi wa Julai mwaka 2013, timu ya Indianapolis Colts ilimwandikia mkataba, ilhali hajawahi kucheza hata mechi moja ya mpira wa Kimarekani. Alikuwa na miaka 23, mtu wa miraba minne, urefu wake futi 6 na inchi 5, na uzito wake ratili kama 270. Wakampanga kuwa mlinzi.

Fikirini kazi aliyokuwa nayo. Wenzake walianza mchezo huo utotoni. Katika raga, mtu asiye na mpira huruhusiwi kumkumba. Katika mchezo huu mpya, watu wasio na mpira ndio wanaokukumba wewe, nao wanatimiza wajibu wao. Katika raga mchezo huendelea kwa muda. Huku husimama kila baada ya sekunde chache, na kila ukianza tena kila mtu ana zamu yake aliyoihifadhi kwa moyo kutoka kitabuni. Kwa maneno mengine, Adongo aliingia skuli ya watu wazima. Alikaa darasa la kwanza pamoja na watu waliokwisha fika darasa la mwisho.

Mwanzo aliwekwa katika kikosi cha mazoezi, ambacho hufanya kazi wiki nzima lakini siku ya mechi hakichezi. Tarehe 1 Desemba, 2013, Colts walipopambana na Tennessee Titans, aliingia uwanjani, akawa Mkenya wa kwanza kucheza katika ligi ile. Kazi yake ilikuwa katika kikosi cha mateke, yaani wale wanaoingia mpira unapopigwa kwa mguu, wakakimbia mbio kumwangusha anayeudaka. Huko ndiko kufua maji kwenyewe.

Je, akawa nyota? La. Alicheza mechi chache, na mwaka 2015 akaachwa. Nalisema hili waziwazi, kwa sababu mwalimu anayesimulia ushindi peke yake huwadanganya wanafunzi wake. Wengi wasioitwa hawafiki hata pale alipofika Adongo. Ila lililotendeka haliwezi kufutwa: kabla yake hapakuwa na Mkenya aliyepita njia ile, na baada yake wako vijana wanaojua kwamba inapitika.

Mtu wa pili ni Richard Lane, Mmarekani mweusi wa Texas. Alipokuwa mtoto mchanga alitupwa, akaokotwa na mwanamke mjane aliyeitwa Ella Lane, akamlea kama mwanawe. Alipokuwa mtu mzima alitumikia jeshi, kisha akafanya kazi katika kiwanda cha ndege huko Los Angeles. Siku hizo uchaguzi ulikuwa na mizunguko 30, na katika yote hiyo hakuna aliyemwita. Mwaka 1952 alijiendea mwenyewe katika ofisi ya timu ya Los Angeles Rams, akiwa na daftari alilobandika vipande vya magazeti vilivyoeleza mechi alizocheza jeshini na chuoni. Akaomba ajaribiwe. Alitaka kushambulia, lakini wakamgeuza mlinzi, naye akakubali. Katika mwaka ule wa kwanza, kwa mechi 12 tu, alidaka mipira 14 ya adui. Siku hizi timu hucheza mechi 17 kwa msimu, na bado hajatokea wa kuivuka hesabu ile. Mwaka 1974 akaingizwa katika jumba la mashujaa wa mchezo huo.

Wa tatu ni James Harrison, mlinzi ambaye hakuitwa mwaka 2002. Timu ya Pittsburgh Steelers ilimchukua, ikamwacha, ikamchukua tena, ikamwacha tena. Alipelekwa hata kucheza Ujerumani. Mwaka 2004 mlinzi mmoja aliumia, wakamkumbuka. Mwaka 2008 alitajwa kuwa mlinzi bora wa ligi nzima, na kabla yake hapakuwa na asiyeitwa aliyeipata heshima hiyo. Tarehe 1 Februari, 2009, katika mechi ya ubingwa, aliudaka mpira karibu kabisa na mlango wa timu yake, akakimbia nao yadi 100 hata upande wa pili, na Steelers wakashinda kwa 27 kwa 23.

Sasa nalirudia swali la mzee wetu. Orodha ile ukutani ilieleza alama za siku ile. Ni habari ya kweli, na kijana haifai aikasirikie. Aisome vizuri, ajue amepungukiwa na nini. Lakini orodha haikupima atakayoyajua mwakani, wala haikupima kama atakubali kuanza chini.

Katika hawa watu watatu nimeona mambo manne. Kwanza, Lane alikuwa na daftari. Kijana, weka kumbukumbu ya kazi zako: vyeti, barua, hata jina la fundi uliyemsaidia, ili ukienda kuomba uwe na cha kuonyesha. Pili, alikwenda kwa miguu yake, hakungoja aitwe. Tatu, wote walikubali mahali walipopangwa, ingawa hapakuwa pale walipotaka. Nne, Adongo hakuona haya kuanza kujifunza akiwa mtu mzima, mbele ya wanaojua.

Na wewe mzee, unalo lako. Hasira yako kijana ameiona tangu siku ile mliyosimama ukutani. Ella Lane alimwokota mtoto ambaye hakuna aliyemtaka, naye hakungoja orodha ya mtu yeyote. Nyumba ndiyo timu ya kwanza. Kijana akijua kwamba nyumbani jina lake bado linaitwa, atapata nguvu ya kwenda kubisha hodi kwa watu. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na mwenye kuunda huanza na ubao mmoja.

Kabla hatujaagana, haya ni maswali ya kuzungumza katika vikundi vyenu:

1. Katika mtaa wenu, ni kazi gani iliyo kama kufua maji, ambayo vijana huidharau nayo hufundisha?
2. Je, yupo mtu mzima kati yenu aliyeacha kujifunza jambo kwa kuona haya? Kikundi kinaweza kumsaidia vipi?
3. Jina la mtoto lisipotoka, mzazi afanye nini siku ile ile, na afanye nini wiki inayofuata?

Mwenye kujua kusoma amsomee jirani yake. Kwa herini.