Mali Bila Daftari Hupotea Bila Habari: Hesabu ya Ndege wa Majini, Mida na Sabaki

Mazungumzo kwa wakazi wa Kaunti ya Kilifi



Mwenye duka hafungi mwaka kwa kukisia. Hushusha bidhaa, huhesabu moja moja, kisha huandika. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kaunti hii ina mali isiyokaa dukani wala benki: maelfu ya ndege wanaoshuka kila mwaka katika matope ya hori ya Mida na mlango wa mto Sabaki. Daftari lao ni hesabu ya ndege wa majini inayofanywa kila Januari.

Kwa nini Januari? Huku Pwani ni msimu wa kaskazi, jua kali na bahari tulivu. Kaskazini mwa dunia ni baridi kali. Yuko chamchanga mmoja mdogo, mdomo wake umepinda kuelekea chini, uzito wake hauzidi sana gramu 60. Huyu huanguliwa Siberia, nchini Urusi. Ardhi ya kule ikiganda hawezi kudonoa chochote, hivyo huruka hadi Afrika kutafuta matope yasiyoganda. Ifikapo Januari safari zimekwisha na ndege wametulia mahali pamoja. Nchi nyingi zikihesabu mwezi huo huo, ni vigumu ndege yule yule kuandikwa mara mbili. Hesabu ya kimataifa ilianza mwaka 1967, na ya Afrika mwaka 1991. Nchini Kenya kazi hii huongozwa na Makavazi ya Kitaifa pamoja na Nature Kenya, KWS na wenyeji wanaojitolea.

Mgeni mashuhuri wa Mida ni ndege mla kaa. Ni mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu na mdomo mnene mweusi. Yeye hatoki Siberia. Huzaliana katika visiwa na fuo za mchanga za Ghuba, Oman na Bahari ya Shamu, kisha huja huku, kama majahazi yalivyokuja kwa miaka mingi. Huchimba shimo mchangani na kwa kawaida hutaga yai moja tu. Ndege wa yai moja akipungua, huchukua miaka mingi kurudi idadi yake.

Mkazi anaweza kuuliza, hizo namba zinamfaa nani? Kwanza, zinaifaa hori yenyewe. Kenya iliingia katika Mkataba wa Ramsar mwaka 1990. Chini ya mkataba huo, mahali panapotunza mara kwa mara angalau asilimia 1 ya ndege wote wa aina fulani panaweza kutambuliwa kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa. Maneno ya kuzingatia hapo ni "mara kwa mara". Mwaka mmoja hautoshi kuyathibitisha; inahitajika miaka mfululizo. Siku mtu atakapokuja na mpango wa kufyeka mikoko au kujaza matope, anayesema "hapa pana ndege wengi" atasikilizwa kwa adabu tu. Mwenye daftari ndiye atakayejibiwa.

Pili, zinamfaa mvuvi. Matope yanayolisha ndege ndiyo yanayolea kaa, kamba na samaki wachanga. Ndege wakipungua, sababu huenda iko Mida, huenda iko Siberia. Hesabu peke yake haisemi. Lakini humwambia mtu kwamba wakati wa kuuliza umefika, kabla ya nyavu kurudi tupu.

Tatu, zinamfaa mzazi. Ada wanayolipa wageni kupita daraja la kamba kati ya mikoko ya Mida husaidia kulipia karo za wanafunzi wa sekondari kutoka familia zinazopakana na hori na msitu wa Arabuko-Sokoke. Wengi wa wageni hao huja kuona ndege.

Kuhusu kazi yenyewe, mwenyeji ana elimu ambayo mgeni mwenye darubini hana: anajua maji. Yakipwa, ndege hutawanyika katika matope mapana na hawahesabiki. Yakijaa, husukumwa kwenye vipande vichache vya mchanga na kusimama pamoja. Mvuvi ndiye anayejua bamvua litafunika wapi, na ni saa ngapi ya kuwa tayari.

Watu watatu wanatosha kwa kundi moja. Wawili wahesabu, mmoja aandike. Kundi dogo huhesabiwa mmoja mmoja. Kundi kubwa huhesabiwa kwa mafungu: mhesabuji huhesabu ndege kumi, huyazoesha macho ukubwa wa fungu hilo, kisha hupima kundi zima kwa kumi kumi. Wahesabuji wawili wakitofautiana sana, warudie. Ndege wakiruka, iandikwe walikoelekea, ili kikosi cha mbele kisiwahesabu tena. Saa, hali ya maji na hali ya upepo huandikwa pia.

Kosa kubwa kuliko yote katika kazi hii ni kutaka kufurahisha. Mwaka jana sululu walikuwa wengi, mwaka huu hakuna hata mmoja, na mkono unasita kuandika sifuri. Iandikwe. Sifuri ya kweli ina faida kuliko ishirini ya kubuni. Vivyo hivyo, vitwitwi wadogo hufanana sana. Asiyewatambua aandike "vitwitwi wasiotambuliwa" pamoja na idadi yao, wala asione haya.

Ndege wasifukuzwe ili waonekane vizuri. Kila wanaporushwa hupoteza mafuta wanayoyahitaji kwa safari ya kurudi kuzaliana, na wengi huanza kuondoka kuanzia Machi na Aprili. Mbwa waachwe nyumbani, na watoto waje wakijua kwamba siku hiyo ni ya kutazama kimya.

Hahitajiki mtaalamu. Anahitajika mtu wa macho mazuri, mwenye subira, atakayerudi mahali pale pale Januari ijayo. Anayetaka kushiriki na azungumze na viongozi wa BMU wa ufuo wake, au na kikundi cha uhifadhi kilicho karibu naye, kabla ya mwaka kwisha. Aje na kofia, maji ya kunywa na kalamu inayoandika.