SISI WENYE ULEMAVU NI WANACHAMA, SI WAGENI WA CHAMA

(Hotuba iliyosomwa na wanachama wenye ulemavu wa Migori na Homa Bay mbele ya mkutano wa tawi. Imechapwa hapa kama ilivyosomwa.)

Bwana Mwenyekiti, Bibi Mweka Hazina, wajumbe wa kamati, na ninyi nyote ndugu wanachama,

Tunawashukuru kwa kutupa nafasi, ijapokuwa tumewekwa mwisho wa ajenda, baada ya habari za mahema na soda. Tunawaona ndugu wawili watatu wameanza kukunja viti. Tafadhali kaeni kidogo.

Sisi tuliosimama hapa mbele, huyu mwenye magongo, huyu asiyeona, huyu asiyesikia ambaye dada yake anamfasiria kwa mikono, na huyu aliyeacha vidole vitatu ndani ya mashine, hatukuja kuomba msaada. Ada ya chama hukatwa katika mishahara yetu sawasawa na yenu. Hakuna mwezi hata mmoja ambao mweka hazina alisema, "Huyu ana mguu mmoja, mkateni nusu." Basi kama katika kutoa tuko sawa, tumekuja kuuliza habari ya kupata.

Kwanza habari ya majina. Kiswahili cha zamani kimetuweka katika jamii moja na viti, visu na vikapu: kipofu, kiziwi, kiwete, kilema. Kwa Kijaluo mtu mwenye mguu mbovu huitwa rang'ol, na watoto njiani humwita hivyo hata kama yeye ni fundi aliyewatengenezea vitanda. Hatukuja kugombana na lugha ya wazee. Lakini mtu akiitwa kwa kidonda chake kila siku, mwisho hata mwenye kazi husahau kwamba ana ufundi. Siku hizi husemwa "mtu mwenye ulemavu", nasi twaona ni afadhali, kwa kuwa mtu ametangulia.

Wengine hudhani haya ya kujisemea ni mambo mapya yaliyoletwa na magari ya misaada. Sivyo. Mwaka 1959, kabla ya Uhuru, wasioona wa Kenya waliunda chama chao, Kenya Union of the Blind. Angalieni jina hilo, ndugu. Hawakujiita jumuiya ya wenye kuhurumiwa, walijiita union, kama sisi. Ulikuwa wakati ule ule ambao Tom Mboya, mtoto wa Rusinga, alikuwa Katibu Mkuu wa Kenya Federation of Labour, na kila mtu mwenye kazi alikuwa akijifunza kwamba mnyonge akisema peke yake hasikiki. Mwaka 1964 wasioona hao waliandamana Nairobi kutaka Serikali iwasikilize. Mwaka huo huo ikaundwa kamati chini ya Bwana Ngala Mwendwa, Waziri wa Kazi, kuchunguza hali ya watu wenye ulemavu, na kazi yake ikazaa Waraka wa Serikali nambari 5 wa 1968, ambao juu yake vilijengwa vyuo vya kuwafundisha kazi. Tazameni ni wizara gani iliyoshughulika: ya kazi. Hata wakati ule ilijulikana kwamba jambo letu ni jambo la ajira.

Baada ya hapo tulikaa miaka mingi tukisemewa. Wazazi walitusemea, mapadre na wake wa wakubwa walitusemea, na wengi wao kwa moyo mwema. Umoja wa vyama vya watu wenye ulemavu ulipatikana mwaka 1989, na sheria ya kwanza mwaka 2003. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 Kenya iliuridhia mwaka 2008, na Katiba ya 2010, katika kifungu cha 54, ikasema tuheshimiwe, tuweze kuingia mahali popote na kupanda gari, tupate vifaa vyetu na lugha zetu, na kwamba hatua kwa hatua angalau asilimia 5 ya wajumbe wa kuchaguliwa na kuteuliwa wawe watu wenye ulemavu.

Sasa tuje katika jambo lililotuleta hasa. Wengi wetu hatukuzaliwa hivi. Kazi ndiyo iliyotufanya hivi. Katika nchi yetu hii, ambayo zamani iliitwa South Nyanza, mtu hukata miwa Awendo na Ndhiwa kwa panga tangu alfajiri. Huvua omena usiku Mbita na Muhuru. Hushuka katika mashimo ya dhahabu kule Nyatike yaliyoshikwa na magogo. Au huendesha bodaboda katika barabara ya Rongo. Kila kazi katika hizo ina namna yake ya kuvunja mtu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya laki 9 wenye ulemavu nchini, wa miaka 5 na zaidi, na Homa Bay ilikuwa miongoni mwa kaunti zenye kiwango cha juu. Ndugu unayecheka huko nyuma, nafasi katika orodha hii bado ipo.

Mwenzetu huyu wa vidole vitatu, kiwanda chake hatukitaji, aliumia zamu ya usiku. Alipelekwa hospitali, akafungwa kitambaa, akapewa shilingi elfu kumi katika bahasha na karatasi ya kutia kidole gumba (cha mkono mwingine). Baada ya miezi miwili akaambiwa kazi hakuna kwa kuwa hawezi tena kushika chombo. Hakujua la kufanya. Na mwakilishi wetu wa pale kazini, ambaye tulimchagua sisi wenyewe, alimwambia ashukuru Mungu yu hai.

Sheria yasema nini? Sheria ya malipo ya ajali kazini ya mwaka 2007, iliyofuta ile ya zamani ya Sura 236, yasema mwajiri awe na bima ya wafanyakazi wake. Yasema mfanyakazi aliyepata ulemavu wa kudumu hupigiwa hesabu kwa mshahara wa miezi 96, kisha hulipwa kwa kiasi cha ulemavu wake kama daktari alivyoupima, ndani ya mipaka iliyowekwa. Hebu tupige hesabu pamoja. Mtu apata shilingi 15,000 kwa mwezi. Mara 96 ni shilingi 1,440,000. Daktari akisema ulemavu wake ni asilimia 20, haki yake ni shilingi 288,000. Linganisheni na bahasha ile. Tena mwajiri ndiye anayepaswa kulipa matibabu na nauli, na mguu wa bandia au magongo kama yanahitajika, pamoja na kuyatengeneza yakiharibika.

Lakini haki hiyo ina mlango na mlango una saa. Ajali isipoarifiwa kwa mwajiri ndani ya miezi 12, haki hupotea. Mwajiri naye, akishaarifiwa, ana siku 7 za kupeleka habari kwa Mkurugenzi wa usalama na afya kazini. Desemba 2019 Mahakama ya Upeo ilikata shauri kwamba sheria hii ni halali, kwa hiyo madai huanzia kwa Mkurugenzi huyo, wala si kwa wakili anayekungoja kwenye lango la hospitali. Andikeni tarehe, zamu, na majina ya walioona. Jambo hili ni dogo nalo ndilo linalotuangusha kila mara.

Na habari ya kufukuzwa: Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41, yasema mwajiri akitaka kumwachisha mtu kwa sababu ya kutojiweza kimwili, lazima kwanza amweleze sababu kwa lugha anayoifahamu, na mfanyakazi ana haki ya kuwa na mwenzake au mwakilishi wa chama mbele ya mazungumzo hayo. Kifungu cha 46 chasema ulemavu si sababu ya haki ya kumfukuza mtu. Wala msiambiwe kwamba hayo ni ya watu wa kudumu peke yao. Mkataba wa mdomo nao ni mkataba, na kibarua aliyefanya kazi mwezi mzima mfululizo sheria yamhesabu kuwa wa mwezi. Basi siku ile mwenzetu alipoitwa ofisini, kiti kimoja kilikuwa kitupu, nacho kilikuwa cha chama chetu.

Twataja hili pia kwa sababu ya mambo yaliyotokea mwaka 2025, Serikali ilipokodisha viwanda vinne vya sukari, Nzoia, Chemelil, Muhoroni na Sony yetu ya hapa Awendo, kwa miaka 30. Hatumsingizii mtu. Tunasema lijulikanalo kila mahali: kiwanda kinapopata mwendeshaji mpya, yule aliyepewa kazi nyepesi getini baada ya kuumia ndiye wa kwanza kuulizwa kazi yake ni nini, na ahadi aliyopewa kwa mdomo hakuna anayeikumbuka.

Habari ya kuajiriwa nayo ina maneno. Sheria ya 2003 ilisema Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu lijitahidi kupata asilimia 5 ya nafasi za vibarua na mikataba kwa ajili yetu. Likajitahidi. Neno "kujitahidi" halilipi kodi ya nyumba. Sheria mpya, iliyotiwa sahihi Mei 2025, ambayo mswada wake uliletwa na Seneta Crystal Asige, mtu asiyeona, imeweka mzigo kwa mwajiri mwenyewe: mwenye wafanyakazi 20 au zaidi atenge angalau asilimia 5. Kwa watu 200, hao ni 10. Nani atahesabu? Afisa wa kazi ni mmoja na kaunti ni pana. Wa kuhesabu ni sisi tulio ndani ya lango.

Kuna pia msamaha wa kodi kwa mwenye ulemavu aliyeandikishwa na Baraza, kwa shilingi 150,000 za kwanza kila mwezi. Walimu na makarani walifuate. Kwa mkata miwa ambaye mshahara wake haujafika hata mahali pa kutozwa kodi, hiyo ni habari ya magazeti.

Sasa, kwa heshima, tugeuke tukitazame chama chetu. Ofisi iko ghorofa ya pili na lifti hakuna. Mwenzetu wa kiti cha magurudumu hubebwa mgongoni kama gunia la sukari kwenda kupeleka malalamiko yake, na mtu aliyebebwa hivyo hawezi kusema kwa ukali anaotaka. Asiyeona husomewa karatasi ya kura na mgombea mwenyewe, jambo ambalo tunawaachia mlipime. Na asiyesikia? Katiba yasema lugha rasmi za Bunge ni Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Vijana wametoka shule za viziwi za Kuja, Rongo, na Lambwe. Ni mafundi wa mbao na washonaji, na baadhi yao wako humu mkutanini. Bungeni wangefasiriwa. Hapa hupiga makofi wakiona wengine wanapiga.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, tunaleta hoja, na tunaomba ipigiwe kura leo, si kupelekwa katika kamati ndogo. Kwamba kiti kimoja cha kamati ya tawi kiwe cha mwanachama mwenye ulemavu, achaguliwe na wenye ulemavu wenyewe, wala asiteuliwe na mtu kwa huruma. Kwamba katika mkataba wa pamoja unaokuja, pawe na kifungu cha maandishi: aliyeumia kazini apewe kazi nyingine anayoiweza bila kupunguziwa mshahara, na kifungu hicho kimfunge kila atakayeendesha kiwanda. Kwamba mkutano mkuu uwe na mfasiri wa ishara mwenye kulipwa, maana dada ya ndugu yetu amechoka, naye ana kazi zake. Ofisi ihamie chini. Chumba kilichokuwa stoo ya mabango kinatosha, tumekwisha kukipima, mlango wake ni mpana.

Gharama ya mfasiri tumemkabidhi Bibi Mweka Hazina kwa maandishi. Ni ndogo kuliko ile ya mahema.

Anayeunga mkono hoja na ainue mkono, na asiyeweza kuinua mkono aseme kwa sauti, ahesabiwe.