Uzamili wa Sosholojia na Soko la Utafiti Tanzania



Wahitimu wa shahada ya kwanza huniuliza: nikisoma uzamili wa sosholojia, nitaajiriwa wapi? Matangazo ya kazi yanayomtaja mwanasosholojia ni machache. Kazi zenyewe zipo, ila zina majina mengine: mtafiti msaidizi, ofisa ufuatiliaji na tathmini, mshauri elekezi. Kwa maoni yangu, mwenye nafasi nzuri ya kuzipata ni yule aliyeitumia tasnifu yake kujifunza kuuliza.

Chukulia mwanafunzi anayetafiti mama lishe wa Buguruni. Dodoso lake linasema: "Kipato chako kwa mwezi ni shilingi ngapi?" Mama atataja namba yoyote, maana mgeni haondoki mikono mitupu. Lakini yeye hahesabu kwa mwezi. Hela ya asubuhi ni mchele, mkaa na mafuta. Ya jioni ina kijumbe, mkusanya fedha za mchezo wa kupokezana, anayeisubiri. Mtafiti aliyeiva anauliza habari za jana: ulipika kilo ngapi, ulinunua kwa bei gani, sahani ngapi zimelipiwa na ngapi zimekopwa, umetoa shilingi ngapi za mchezo? Kisha anarudi tena mwezi ukielekea ukingoni, wateja wanapokula kwa daftari. Swali moja limezaa matano, na majibu yake yanachambulika.

Kuna pia safari ya vibali. Barua ya chuo inapita kwa Katibu Tawala wa Mkoa, wa Wilaya, mtendaji wa kata, hadi kwa mwenyekiti wa mtaa. Wanafunzi wengi huiona ni usumbufu mtupu (na siku nyingine ni usumbufu kweli). Hata hivyo, mwajiri anayetuma timu vijijini anamhitaji mtu anayejua kuingia ofisi ya kata bila kugombana na mtu.

Waajiri wanatofautiana. Taasisi ya utafiti ya REPOA, inayoendesha utafiti wa maoni wa Afrobarometer hapa nchini, hutuma wadadisi milangoni kwa watu. Sauti za Wananchi, utafiti wa shirika la Twaweza, tangu 2013 hupiga simu. Huko swali refu linakatiwa njiani, na uso wa mhojiwa huuoni. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya 1979, ina daktari wa kupima malaria, lakini inahitaji pia mtu wa kudadisi kwa nini chandarua kipo ndani ya nyumba na hakuna anayekitumia. Zana nazo zimebadilika: Sensa ya 2022, iliyohesabu watu 61,741,120, ilifanywa kwa vishikwambi. Siku hizi kujua kulitengeneza dodoso kwenye programu si ufundi wa ziada.

Kwa hiyo msikimbie takwimu. Nimewasikia wengi wakisema wao ni watu wa "maelezo". Lakini hata huko, mahojiano arobaini yasiyopangwa kwa misimbo ni mzigo wa karatasi tu.

Uzamivu ni habari nyingine. Anayetaka kufikia ngazi ya mhadhiri wa chuo kikuu atauhitaji, na ajue kwamba vyuo hutazama pia alama za shahada ya kwanza, uzamili hauzifuti. Kwingine kote, kazi nyingi za utafiti ni za mkataba unaofuata maisha ya mradi. Kabla ya kusaini, soma hadidu za rejea uone data itabaki kwa nani, na kama jina lako litakuwamo kwenye ripoti.