RELI YA UHURU NA MKATABA WA MIAKA 30: MANENO YA TAWI KWA WANACHAMA



Kwa ambao hawakufika Jumapili kwa sababu ya mavuno, haya ndiyo tuliyosema mkutanoni. Someni mpaka mwisho, msitume dole gumba tu.

Wazee wetu hapa kando ya reli hawahitaji kufundishwa China ni nani. Benki ya Dunia ilisema reli ya Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi haina faida. Mwalimu na Kaunda wakageukia nchi iliyokuwa maskini kama sisi. Makubaliano yalisainiwa Beijing 1967, ujenzi ukaanza 1970, kilomita 1,860 zikakamilika 1975. Mkopo haukuwa na riba. Sehemu ya gharama za ndani ililipwa kwa kuuza bidhaa za Kichina madukani mwetu. Wachina waliofia kazini wamezikwa Gongo la Mboto. Ule ulikuwa undugu, na hatutaki mtu aubeze.

Lakini China ya leo si ile. Mwaka 2025 Tanzania na Zambia zimesaini na kampuni ya CCECC: itawekeza takribani dola bilioni 1.4 na kukabidhiwa reli kwa miaka 30. Hii ni biashara. Kampuni lazima irudishe fedha yake, na fedha iko kwenye shaba ya Zambia na Kongo, hiyo hiyo ambayo Marekani na Ulaya wanaifuata kwa reli ya Lobito kule Angola. Wengine ni vivyo hivyo. India imetukopesha dola milioni 500 za maji ya miji 28, na kazi wakapewa wakandarasi wa India. Waturuki wanatujengea SGR, nao wanalipwa. Hatuwalaumu. Kila mmoja amekuja na hesabu yake. Tunauliza yetu iko wapi.

Shaba haishuki stesheni yetu. Sisi tunapakia mpunga na ndizi, na masika barabara ikikatika tunapakia wagonjwa. Treni ya abiria haiwezi kuleta faida kama behewa la shaba, na mwenye kampuni anajua hilo kuliko sisi.

Baadhi ya ndugu walisema mkutanoni kwamba kuuliza ni kufukuza mwekezaji. Tumewasikia, hatukukubaliana nao. Wakenya walisaini mkopo wa SGR 2014, na sehemu za mkataba zikawekwa hadharani Novemba 2022, treni ikiwa imeshatembea miaka mitano. Hapa kwetu, 2019 Rais Magufuli alikataa hadharani masharti ya bandari ya Bagamoyo, na Wachina hawakuhama nchi.

Tumekubaliana kumwandikia mbunge. Je, idadi ya treni za abiria kwa wiki imeandikwa ndani ya mkataba, au imeachwa kwa hiari ya kampuni? Nauli inapangwa na nani? Vijana wetu watafundishwa udereva na ufundi wa vichwa vya treni, au watabeba mataruma tu? Wafanyakazi waliopo, stahiki zao zinabaki kwa nani?

Barua itasomwa Jumapili saa 10 jioni kabla ya kusainiwa. Kila kiongozi wa shina alete majina ya wanaotegemea treni kwa biashara au matibabu, na stesheni wanayopandia.

Imetolewa na Katibu wa Tawi, kwa niaba ya Kamati.