MUUGUZI HUULIZA PANAPOUMA

Maneno ya mwalimu mmoja mkimbizi katika kikao cha kuwakumbuka marehemu wa Gatumba, tarehe 13 Agosti



Kamati imeniomba niseme juu ya maadili ya kazi ya uuguzi. Mimi si muuguzi. Nilisomea ualimu, na falsafa niijuayo ni ile tuliyofundishwa chuoni, tena kitabu hatukukimaliza. Lakini mwalimu wa lugha haachi kutazama maneno. Kwa Kiswahili, anayeumwa anaugua, na anayemhudumia anamuuguza. Neno moja limezaa lingine. Huwezi kumtaja muuguzi bila kumtaja anayeugua, wala hakuna mahali katika neno hilo palipoandikwa kabila.

Tuukumbuke usiku ule. Ilikuwa Ijumaa, tarehe 13 Agosti 2004. Katika kambi ya muda huko Gatumba walikuwamo Wakongomani waliokimbia Kivu ya Kusini wiki chache nyuma, wengi wao Banyamulenge. Waliouawa walizidi 150, wengi wakiwa akina mama na watoto. Waliojeruhiwa walizidi 100. FNL ilitangaza kwamba ndiyo iliyoshambulia. Na jambo ninalotaka tulitazame leo ni hili: karibu na mahema yale yalikuwapo mahema ya Warundi waliorudi kutoka uhamishoni, nayo hayakuguswa. Wauaji walikuja na swali moja tu, "Huyu ni wa nani?", na jibu walikuwa nalo kabla ya kufika.

Majeruhi wakapelekwa hospitali za Bujumbura. Hospitalini kuna swali lingine. Panauma wapi? Risasi imeingilia wapi? Anapumua? Maswali haya hayana ukoo. Kwangu mimi hapo ndipo ilipo falsafa yote ya uuguzi, na mengine ni maelezo.

Lakini tusifanye kama ni jambo jepesi. Mtu aliyenusurika usiku kama ule, akiona sindano inamjia katika mkono wa mtu asiyemjua, anayesema mojawapo ya lugha alizozisikia gizani, ana haki ya kuogopa. Muuguzi naye, ambaye hakuua mtu, ana haki ya kuumia moyoni anapotazamwa kama muuaji. Nani aanze kujishusha? Nasema ni muuguzi, kwa sababu yeye amesimama na mwenzake amelala. Ataje jina lake. Aonyeshe kichupa cha dawa kabla ya kukifungua, aseme ni dawa ya nini, aombe ruhusa, kisha angoje jibu. Jambo hilo linachukua dakika mbili. Najua wauguzi wetu wana foleni ndefu, lakini dakika mbili hizo ni sehemu ya dawa.

Dunia imeliandika jambo hili katika sheria. Tarehe 12 Agosti 1949, mkesha wa tarehe yetu ya leo, mataifa yalitia sahihi Mikataba ya Geneva. Humo imeandikwa kwamba majeruhi na wagonjwa wakusanywe na watunzwe bila kubaguliwa kwa rangi wala dini, hata vita vikiwa vya ndani ya nchi moja. Juu ya majeruhi wa vita imeandikwa pia kwamba haja ya haraka ya matibabu peke yake ndiyo inayoweza kumtanguliza mmoja mbele ya mwingine. Siyo cheo, wala ndugu, wala aliyewahi kufika.

Hapo, ndugu zangu, sheria inatufikia sisi wenyewe. Ni rahisi kusimama hapa kuwahukumu wauaji. Mwaka jana nilimpeleka mtoto wangu kituoni, alikuwa na kikohozi. Mhudumu wa afya pale mlangoni alikuwa mtu wa kwetu, tena baba wa mwanafunzi wangu. Aliniona akaniita, "Mwalimu, pita." Nikapita. Katika foleni niliyoiruka alikuwako mama wa kabila lingine, mtoto wake mgongoni anahara, shingo imelegea, macho yameingia ndani. Hakusema neno. Yule mtoto alipona, namshukuru Mungu, lakini hakupona kwa sababu yangu. Usiku nilijiuliza: mlangoni pale, mimi na yule mhudumu tuliuliza swali gani? Tuliuliza, "Huyu ni wa nani?"

Sisemi kuruka foleni ni sawa na kuua. Nasema swali ni lile lile, na mtoto anayehara hawezi kungoja tulitofautishe.

Kuna jambo la siri pia. Mgonjwa anapoitwa kwa sauti na ugonjwa wake ukatajwa mbele ya watu, kesho hana pa kuchotea maji. Na tunapomtumia mtoto wa darasa la nne kutafsiri ugonjwa wa mama yake, tunamtwisha mtoto mzigo usio wake. Nimeona mwanafunzi akirudi kutoka kutafsiri, siku nzima haandiki kitu.

Nao wauguzi ni watu. Ebola ilipozuka Gulu, Uganda, mwaka 2000, katika hospitali ya Lacor wauguzi walikufa mmoja baada ya mwingine, na waliobaki wakasema hawawezi tena. Daktari wao, Matthew Lukwiya, aliwaambia anayetaka kwenda aende, yeye atabaki. Wengi walibaki. Yeye mwenyewe alikufa kwa Ebola tarehe 5 Desemba mwaka ule. Kwa hiyo ninyi wa mashirika, msiwaombe wauguzi moyo wa Lukwiya huku mmewaacha bila glavu na sabuni. Na sisi wakimbizi tuache kueneza kwamba sindano za muuguzi fulani zinaua watu wetu. Mwenye ushahidi aulete kwenye Kamati, mchana.

Nina maombi matatu kwa Kamati. Kwanza, mlangoni pa kituo wasimame watu wawili wasio wa kabila moja, na anayezidiwa zaidi atangulie, hata kama mwalimu yupo. Pili, watafutwe watu wazima wa kutafsiri, wanaume na wanawake, wajifunze kutunza siri. Tatu, wauguzi wapewe nafasi ya kusema katika mkutano wetu wa mwezi ujao, nasi tuwasikilize kwanza kabla ya kulalamika.

Yule mama bado anaishi kambini. Nimekwenda kwake kumwomba msamaha. Alinipa kiti, akaniuliza mtoto wangu anaendeleaje na kile kikohozi.