Kiwanja Kwanza: Ujenzi wa Kliniki za Muda Katika Mitaa Yenye Msongamano



Katikati ya muongo uliopita Wizara ya Afya ya Kenya iliagiza kliniki tamba 100 zilizojengwa ndani ya makontena, zipelekwe kwenye mitaa ya mabanda. Bei ya kila moja ilikuwa takriban shilingi milioni 10 za Kenya. Kwa miaka kadhaa makontena hayo yalibaki yamepangwa kwenye eneo la Huduma ya Vijana kwa Taifa huko Miritini, Mombasa, huku wizara na kaunti zikivutana. Wakenya walijadili sana fedha zile, na walikuwa na haki. Kwangu mimi mhandisi kuna swali jingine linalouma vilevile: tunawezaje kumaliza kutengeneza vyumba 100 kabla ya kujua vitasimama wapi, vitapata wapi maji na vitamwaga wapi uchafu?

Msimamo wangu ni kwamba kliniki ya muda huanzia ardhini. Chumba ndiyo sehemu nyepesi ya kazi. Kiwandani chumba hutengenezwa kwa wiki chache, tena kwa ubora ambao fundi wa mtaani akifanya kazi mvuani hawezi kuufikia. Kinachoshinda watu ni kile kilicho chini na pembeni yake.

Kumbukeni Wuhan, China, korona ilipoanza. Dunia nzima iliangalia hospitali ya Huoshenshan, yenye vitanda 1,000, ikijengwa kuanzia tarehe 23 Januari 2020 na kukabidhiwa tarehe 2 Februari. Picha zilizosambaa ni zile za kreni zikipanga vyumba. Kabla ya hapo palikuwa na kazi ambayo wengi hawakuitazama: kusawazisha ardhi, kumwaga mchanga, kutandika karatasi nzito ya plastiki eneo zima ili maji machafu yasipenye kwenda ziwani jirani, kisha kumwaga zege juu yake. Vyumba vilikuja juu ya kazi hiyo. Hospitali ilifungwa katikati ya Aprili mwaka huohuo. Wachina walikuwa na uwanja mpana na serikali yenye kila mashine. Sisi hatuna, na kwa sababu hiyo ndiyo tunahitaji zaidi kufikiri kabla ya kununua.

Tuje Manzese, Dar es Salaam. Kontena la futi 40 lina urefu wa mita 12.2, na likiwa juu ya tela kilele chake kinafika kama mita 4 kutoka barabarani. Ukiacha barabara kuu ukaingia ndani, nyaya za umeme zinazoingia kwenye nyumba zinaning'inia chini ya hapo, na kona ya kwanza tu tela haligeuki. Kwa mitaa ya namna hiyo mimi nachagua paneli: kuta zenye sponji katikati na bati pande mbili, zinazobebwa na watu wawili hadi ndani kabisa ya mtaa na kufungwa kwa bolti.

Hata pale kontena linapofika, upana wake unatubana. Ndani ni mita 2.35, na ukishaweka kizuizi cha joto na kuta za kuoshika unabakiwa na mita 2.2 au pungufu. Machela ina urefu wa kama mita 2, bila kuhesabu waliobeba. Mama mwenye uchungu akiletwa kupitia mlango wa ubavuni, wabebaji hawana pa kugeukia. Itabidi ashuke na kutembea, wakati amebebwa kwa sababu hawezi kutembea. Suluhisho ni mlango wa upande mfupi, au kuunganisha makontena mawili kwa kukata ukuta wa kati. Kukata huko kunataka fremu ya chuma kuzunguka uwazi, maana zile kuta zenye mikunjo zinashiriki kubeba paa. Nimeona wachomeleaji wakikata kwanza na kuuliza baadaye.

Juani chuma hakivumiliki. Paa la pili la bati, lililoinuliwa ili upepo upite kati ya mapaa mawili, ni rahisi kuliko kiyoyozi na halizimiki umeme ukikatika. Lirefushwe mbele, upate kivuli cha kungojea. Shirika la Afya Duniani linapendekeza wastani wa lita 60 za hewa kwa sekunde kwa kila mgonjwa katika wodi ya kawaida inayotegemea upepo, na lita 160 katika chumba cha wagonjwa wanaoambukiza kwa hewa. Kontena lenye kidirisha kimoja halifiki huko. Katika miji yenye kifua kikuu kama yetu, watu wangojee nje, chini ya kivuli hicho.

Sasa maji. Viwango vya huduma za dharura vinataka lita 5 kwa kila mgonjwa wa nje, lita 40 hadi 60 kwa aliyelazwa, na tundu moja la choo kwa wagonjwa wa nje 50. Chukua wagonjwa 150 kwa siku na vitanda 10: ni lita 1,350 na zaidi ukiongeza usafi. Kwa mgao wetu wa maji utahitaji akiba ya siku mbili au tatu, yaani tangi la lita 5,000. Hizo ni tani 5 juu ya mnara, wakati kontena tupu la futi 40 halifiki tani 4. Msingi mzito kuliko yote ni wa tangi, na ndio unaosahaulika kwenye michoro ninayoletewa.

Bondeni, kama kando ya Mto Msimbazi, maji ya ardhini yako karibu. Tangi la choo la plastiki likifukiwa hapo likiwa tupu, masika yanalisukuma juu na mabomba yanakatika. Lifungwe kwenye zege kabla ya mvua. Sindano na kondo la nyuma vinahitaji njia yake ya kutupwa, yenye ufunguo na mtu anayejulikana kwa jina, kwa sababu watoto wanacheza hatua 10 kutoka pale.

Kwa hiyo napendekeza tugawanye fedha kwa namna nyingine. Vyumba viwe vya muda kwelikweli: vifunguliwe na kuhamishiwa mtaa mwingine. Bomba, vyoo, mfereji wa mvua na msingi wa tangi vijengwe vya kudumu tangu siku ya kwanza. Kiwanja mara nyingi ni uwanja wa shule au mahali ambapo kina mama walikuwa wakiuza vitumbua, na waliokiachia wana haki ya kurudishiwa kitu bora kuliko walichotoa. Makubaliano yaandikwe kwa Kiswahili na kusomwa kwenye mkutano wa mtaa: tarehe ya kuondoka, nani ataondoa nini, wauzaji watahamia wapi kwa kipindi hicho, na mita ya maji itabaki kwa jina la nani vyumba vikishaondoka. Hilo la mita lisainiwe kabla lori la kwanza halijashusha mchanga.