Biti ya sukari kule kukavu: tuulize maji kwanza

1/ Wadau, wengi mmeniomba maneno niliyosema Jumamosi kwenye baraza la vijana. Nayaweka hapa. Simtaji mwanasiasa wala chama.

Nilianza hivi: kila kampeni tunaambiwa, "Tutapanda biti ya sukari kule kukavu, haihitaji maji." Tunapiga makofi. Leo tupige hesabu.

2/ Ukweli upo, lakini nusu. Biti hii ni ndugu ya bitiruti ya sokoni, ila mzizi wake ni mweupe. Hukomaa kwa miezi mitano hadi saba hivi. Miwa yetu ya magharibi hukaa mwaka na nusu au zaidi. Biti hutaka maji ya milimita 550 hadi 750 kwa msimu, miwa 1,500 hadi 2,500. Ni kidogo, sawa. Lakini kidogo si sufuri.

3/ Chukua Lodwar. Mvua ni kama milimita 200 kwa mwaka. Tuseme biti inataka 600, na mvua yote ya mwaka imenyesha ndani ya msimu. Bado kuna pengo la 400. Kwa ekari moja hiyo ni lita milioni 1.6, yaani malori 160 ya lita 10,000. Ekari moja tu!

4/ Kwani haiwezekani? Inawezekana. Misri ni jangwa na inatoa sukari nyingi ya biti. Lakini wana Nile na mifereji, na hupanda kati ya Agosti na Novemba ili zao likue wakati wa baridi. Usiku wa joto hupunguza sukari kwenye mzizi, na Lodwar haina baridi hiyo.

5/ Maji machache yanataka akili. Mche mchanga hauvumilii kiu wala chumvi, hapo usibane. Mzizi ukishashuka mita moja na zaidi, unaweza kubana kidogo. Wiki mbili tatu kabla ya kuvuna, funga maji ili sukari ipande. Tumia mabomba ya matone, maana mfereji wa udongo hupoteza maji mengi njiani.

6/ Kisha kiwanda. Cha miwa huwasha boila kwa makapi yake. Makapi ya biti si kuni, ni chakula cha mifugo. Sasa mafuta analipa nani? Na mbegu? Biti haichanui bila baridi ya muda mrefu, kwa hivyo mbegu itatoka nje.

7/ Hapo mama mmoja akasimama: "Mwanangu, kando ya mto ndipo mbuzi wangu hukimbilia wakati wa kiangazi. Mkilima hapo, watakula nini?"

Nilinyamaza kidogo. Makapi yanaweza kulisha mbuzi wake, lakini tu kama mkataba unasema atayapata. Nikamwambia: Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inataka theluthi mbili ya watu wazima wa jamii wakubali kwenye mkutano kabla mwekezaji hajapewa ardhi yao. Usikose mkutano huo, mama.

8/ Kwa hivyo akipanda jukwaani, muulizeni: Maji ya mto gani, lita ngapi? Kiwanda kiko kilomita ngapi? Mifugo itakunywa wapi? Akijibu kwa tarakimu, tumsikilize. Akijibu kwa wimbo, tucheze kidogo halafu twende nyumbani na kura zetu.